Mama Aliyepanda Mizani Aeroporti ya Bunia

Ninayosimulia hapa yalinipata mimi mwenyewe. Sikuyasikia kwa jirani, sikuyaota. Kama unataka kubisha, njoo Bunia, ingia mtaa wa Saio, uulize nyumba ya yule mama anayepima watu aeroporti. Nitakupa kiti na kukueleza vilevile, bila kuongeza neno.

Ndiyo, kazi yangu ni kupima watu. Ndege zetu ni ndogo, zingine zinabeba watu tisa tu, kwa hiyo kila abiria anapanda kwenye mizani, kisha mizigo yake, mimi nasoma kilo na kuandika kwenye karatasi. Rubani, ambaye sisi tunamwita komanda, harushi ndege kabla hajaiona karatasi hiyo. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na moja. Nimepima wafanyabiashara wa Butembo wanaovaa makoti matatu ili kupunguza mizigo, nimepima wachungaji wanaovuta tumbo ndani kana kwamba mizani inadanganyika. Mizani yangu naijua kama sufuria yangu ya nyumbani.

Watu hufikiri mambo ya namna hii hutokea usiku. Hili lilitokea saa nane mchana, jua linawaka.

Siku hiyo tulikuwa na ndege ya kwenda Entebbe, kule Uganda, kwenye uwanja mkubwa wa kimataifa ambapo watalii wanashuka kuja kuona ziwa na wanyama. Abiria wangu wanane walikuwa wamekwisha kupimwa na kwenda kukaa. Nilikuwa najumlisha kilo zao nilipoona mama mmoja bado amesimama mbele yangu, anangoja kwa adabu. Alikuwa na miaka kama sitini, kitenge cha bluu kilichopauka, kandambili za plastiki, na kifurushi amekikumbatia kifuani. Alinisalimia. Nikaitika, nikamwambia karibu mama. Uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule.

Alinieleza kwamba anatoka upande wa Nizi, katika Djugu, kwamba vita viliwafukuza kwao wakaja kukaa kwenye mahema ya waliohamishwa hapa mjini. Sasa anataka kwenda Entebbe. Binti yake Mapenzi anafanya kazi kule, anafua mashuka kwenye hoteli ya watalii, na yuko karibu kuzaa mtoto wake wa kwanza.

"Haiko na mutu wa kumushika mukono," aliniambia.

Nilimwomba tikiti, hakuwa nayo. Nilitafuta jina lake, halikuwepo. Nikaanza kumweleza polepole kwamba haiwezekani. Hakubishana nami.

"Nipime tu, mutoto yangu. Pengine iko nafasi ya mutu mwepesi."

Niambie, wewe ungemkatalia? Niliweka kifurushi kwanza: kilo moja. Nikakitoa, naye akapanda. Sindano haikusogea. Nilifikiri imekwama, nikaipiga mizani kwa mguu kama nilivyozoea. Nikamwomba ashuke, nikapanda mimi: soixante-douze, kilo sabini na mbili, ileile ya kila siku, ileile nisiyoipenda. Akapanda tena. Sifuri. Niamini, miguu yake niliiona pale juu ya chuma, vidole vyenye vumbi jekundu, na sindano imelala.

Niliinama kuangalia chini ya mizani. Nilipoinuka, nikakuta yeye mwenyewe amekwisha kuisoma. Aliitazama ile sifuri kama mtu aliyepewa karatasi ya majibu hospitalini.

"Basi ni kweli," alisema. "Siku mingi nasalimia watu, hawaitike. Mi nilifikiri wananikasirikia."

Niliogopa? Ndiyo, niliogopa. Lakini alikuwa amejaa haya, kama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake, na woga wangu ukakosa mahali pa kukaa. Nilimpa mkono ili ashuke. Mkono wake ulikuwa baridi kama jani la asubuhi, lakini ulinishika kweli.

"Mi haiwezi kwenda tena," akasema. "Lakini huu muzigo iko na kilo, umeona. Utume. Mapenzi atasimama kwenyi mulango wa kutokea, kitambaa ya jaune kwa kichwa."

Sasa nikuambie ukweli wangu wote: nilisita. Kifurushi kisicho na abiria ni marufuku kwetu. Mwenzangu mmoja alifukuzwa kazi kwa kosa hilohilo, na mimi nina watoto watatu wanaonitegemea. Yule mama aliona ninavyosita. Akaniambia nifungue, niangalie, yeye hafichi kitu. Nikafungua. Ndani mlikuwa na kitenge cha kubebea mtoto, kikuukuu, pindo lake limeshonwa kwa uzi wa kijani, na sweta ndogo ya mtoto mchanga, na maharage konzi moja yaliyofungwa kwenye kitambaa. Vyote vilinukia moshi wa jikoni. Nilivikunja tena, nikaandika kwenye kikaratasi jina la Mapenzi na namba yangu ya simu, nikakipeleka kifurushi kwa komanda. Nilimwonyesha kila kitu, nikamwambia ni vitu vya mama mmoja kwa binti yake anayekaribia kuzaa, amtafute mlangoni mwenye kitambaa cha njano. Alinung'unika, kisha akakiweka nyuma ya kiti chake.

Niliporudi kwenye mizani, mama hayupo. Nilimuuliza mkuu wangu, aliyekuwa amekaa pembeni, yule mama amepita wapi. Alinitazama sana. Alisema muda wote ameniona nimesimama peke yangu, kifurushi mkononi, midomo inacheza, akafikiri ninasali.

Jioni simu yangu ililia. Mwanamke alilia kwa muda kabla hajaweza kutaja jina lake. Alikuwa Mapenzi. Komanda alimkuta nje ya mlango wa kutokea, katikati ya madereva wanaoshika vibao vyenye majina ya watalii, kitambaa cha njano kichwani. Aliniambia kwamba mama yake alikufa wiki tatu zilizopita, homa ilimchukua kule kwenye mahema, na yeye hakuweza kuja kumzika kwa sababu mimba ilikuwa kubwa. Tangu hapo, kila siku ya ndege ya Bunia, anaomba ruhusa kazini na kwenda kusimama pale.

"Hakuna mutu nilikuwa nangoja," alisema. "Nilitaka tu kuona watu wenye wametoka kwetu."

Kisha akaniuliza kuhusu kitenge. Ndicho alichobebwa nacho akiwa mtoto, na ule uzi wa kijani ni mkono wa mama yake. Kiliungua pamoja na nyumba yao. Majivu yake aliyaona kwa macho. Nani amenipa?

Nilimweleza yote, tangu salamu mpaka sifuri. Halafu akauliza jambo moja tu.

"Alikuwa amechoka?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mama yake alikuwa mwepesi.

Siku nne baadaye alizaa msichana, akambeba kwa kitenge hicho. Mimi sikufukuzwa kazi, lakini tangu siku ile siwezi kupima mtu kabla hatujasalimiana vizuri, na mkuu wangu analalamika kwamba ninachelewesha mstari. Alalamike tu.

Kiangazi kilichopita Mapenzi alikuja Bunia kuona kaburi, nikamsindikiza. Mtoto alikuwa na miezi minane na hakupenda uso wowote mpya. Alilia kwenye pikipiki, akanililia mimi, akalia mpaka kwenye lango la makaburi. Tulipofika kaburini penyewe, akanyamaza. Akaangalia juu ya bega la mama yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu, akaanza kucheka, mikono yote miwili mbele, kama anayetaka kubebwa. Mapenzi alitaka kugeuka. Nilimshika bega, nikamwomba asigeuke. Tukasimama hivyohivyo mpaka mtoto akachoka na kulala.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayenisikiliza. Ukiona mtoto mchanga anacheka na mahali patupu, usimvute, na usikimbilie kukemea pepo. Nyamaza, ngoja amalize. Kuna mtu ametoka mbali kumwona.