Zebaki ya Amplifaya ya Baba

Jamani, leo nimemlinda fundi kutwa asiibe, na jioni mwizi nimekuwa mimi.

Amplifaya ya baba, ya tangu ujana wake, ilianza kunguruma. Akanituma kwa fundi hapa Bariadi mjini, na onyo juu:
"Usibanduke. Vyombo vya zamani vina zebaki ya thamani. Akiitoa, tumekwisha."

Mimi nimesoma, mambo ya zebaki siyaamini.
Ila baba namwogopa, nikakaa.
Nilimkodolea fundi macho mpaka akauliza, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "wewe ni mtu wa mapato?"
(Kitambulisho cha ofisini kilikuwa bado shingoni.)

Alitoa kapasita zilizovimba, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, akachomea mpya. Nikadai zile mbovu zote. Akacheka, akanitilia kwenye mfuko.

Nyumbani amplifaya ikaimba safi kabisa.
Baba hakusikiliza hata kidogo. Alimwaga zile kapasita mezani, akazipindua moja moja, kisha akanitazama.

"Zebaki iko wapi?"
"Baba, haikuwemo."
"Ulikaa pale muda wote?"
"Muda wote."
"Basi unayo wewe."

Hatanii. Mkoba wangu ameufungia chumbani kwake.

Nimwambie nini?