Nilimwita Mkwe Wangu Mwizi wa Petroli

Nimekosa, ndugu yangu. Nalisema hilo kwanza kabla sijakueleza lolote, usije ukafika katikati ya habari hii ukaanza kunitafutia udhuru. Udhuru sina.

Nilimwita mkwe wangu mwizi wa petroli mbele ya mama yake mzazi. Hakuwa mwizi. Na jina lile nililomvika mpaka leo hajaweza kulivua.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu. Kazi yangu yote ilikuwa utunzaji wa stoo katika kiwanda kimoja huko Kilifi. Mtunza stoo analipwa kwa kushuku. Kila anayetoka mlangoni unamtazama mifuko, unamtazama na mwendo. Nilisifiwa sana kwa hilo. Siku ya kustaafu nikapewa saa ya ukutani na mkono wa heri. Shida ni kwamba kazi niliiacha pale getini, kushuku nikaja nako nyumbani!

Nina binti, hapa nitamwita Kadzo. Mumewe nitamwita Thoya, mtu wa Vitengeni, dereva mpole asiyejua kupandisha sauti. Nilinunua gari la mtumba nikampa Thoya aliendeshe. Siku za wageni alikuwa akiwapeleka Marafa kutazama korongo, na siku zisizo na wageni alibeba akina mama wa soko na magunia yao. Lilikuwa gari la injekta, vile vipuri vinavyoipulizia injini petroli kwa kipimo. Mimi nilizoea pikapu yangu ya zamani ya kabureta, ambayo ikisumbua unaifungua kwa bisibisi, unaipuliza kwa mdomo, safari inaendelea.

Mambo yalianza na harufu. Asubuhi moja nilikuwa nawamwagia kuku mtama nyuma ya gari, nikasikia petroli. Nikainama. Chini pakavu. Nikachungulia mshale wa mafuta, nikaona umeshuka tangu jana. Au nilidhani umeshuka, maana jana yenyewe sikuutazama sawasawa.

“Hata mimi naisikia hiyo harufu, Baba,” Thoya akaniambia. “Tumpelekee fundi alitazame.”

“Tutaona,” nikamjibu.

Moyoni nikasema: huyu mbona amekimbilia fundi kabla sijamuuliza?

Basi nikaja na hila yangu ya stoo. Stoo iliyojaa pomoni haiibiwi kimyakimya, kwa sababu ukitoa kimoja pengo linaonekana. Nikaamua tangi lijazwe mpaka shingoni, petroli ionekane kwa macho, ili kikipungua kikombe kimoja nijue. Kila Jumatatu nikawa naandamana na Thoya hadi kituo cha petroli, Malindi.

Binti wa pampu, mtu wa bara, alijaza mpaka pampu ikajikata.

“Imejaa, mzee.”

“Ongeza.”

“Pampu imekata yenyewe. Gari imeshiba.”

“Gari ni lako? Ongeza!”

Akaongeza kidogo kidogo. Nikamwambia Thoya ashike upande mmoja wa nyuma, mimi nikashika mwingine, tukalitikisa gari ili petroli itulie na nafasi ipatikane. Wenye bodaboda waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko.

“Mzee, hilo ni gari ama ungo wa kupepetea mahindi?”

“Lipige mgongo limeze!”

Thoya alitikisa huku ameinamisha uso. Wewe ungesema anaona haya kwa kuchekwa. Mimi nikasema anaona haya kwa kuwa nimemziba tundu lake.

Tulipotaka kuondoka gari likagoma. Likakohoa, likakohoa, mwishowe likawaka kwa moshi mweusi. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yake, kila likijazwa ligome. Harufu nayo ikazidi. Na mshale sasa ukawa unanichezea akili! Wiki moja unaanguka kama umesukumwa. Wiki nyingine naukuta juu kuliko unavyostahili. Unajua ni lipi lililonikosesha raha zaidi? Hilo la pili. Nikajiuliza, petroli gani hii inayopanda yenyewe? Huyu mtu ananiziba macho!

Baadaye taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Hapo sikuwa na budi. Tukaenda kwa fundi mmoja wa mjini Malindi, nitamwita Athmani, mtu mchangamfu, mikono myeusi na maneno matamu.

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba. Fanya kazi yako, mimi nakaa hapa.”

Nikavuta benchi nikakaa hatua mbili kutoka boneti, asije akanibadilishia kipuri kizima kwa kibovu. Athmani akachomeka mashine yake ya kusoma makosa ya gari, akasoma, akaingia chini ya gari, akatoka.

“Injekta zimechafuka, nitazisafisha. Lakini hizo si kiini. Mvuke wa petroli kwenye tangi hautolewi nje, mzee wangu. Unapita kwenye mpira, unaingia kwenye kopo lenye makaa, unangoja pale. Injini ikichemka inauvuta na kuuchoma. Sasa kopo lako limeingiwa na petroli yenyewe badala ya mvuke. Je, huwa unajaza mpaka shingoni?”

Nikamgeukia Thoya. Nani alimwambia?

“Umesema kopo lenye nini?” nikauliza.

“Makaa.”

“Makaa haya ya kupikia?”

“Ndugu yake hayo.”

Nikacheka kwa hasira. “Kijana, mimi nimezaliwa Ganze. Nimeuona mti ukikatwa, ukifukiwa, ukitoka makaa. Hakuna anayenifundisha makaa. Nawe wataka niamini kwamba Mjapani, kwa akili zake zote, amechukua makaa akayaweka karibu na petroli?”

“Haya hayawashwi, mzee wangu. Kazi yake ni kunywa mvuke tu. Tubadilishe kopo, na mpira mmoja uliopasuka. Halafu pampu ikijikata, usiongeze tena.”

Hapo ndipo nilipopotea kabisa, ndugu yangu. Kweli iliwekwa mbele yangu ikiwa imemenywa, nikaitema. Kwani mtu anayekwambia usijaze tangi anataka nini, kama si kukunyima kipimo? Nikaona wamekula njama, dereva na fundi. Nikasema zisafishwe injekta, kopo liachwe lilivyo, tuondoke.

Njiani Thoya akajaribu. “Baba, Athmani si mwongo.”

“Wewe umjuaje?”

Akanyamaza. Na kimya chake nikakiweka kwenye hesabu ya ushahidi.

Jumapili moja mama yake Thoya alikuwa ametoka hospitali, wakaitana ndugu na majirani huko Vitengeni kumwombea na kula pamoja. Tukaenda na gari, mimi, Kadzo na Thoya. Wakati wengine wanakula, mimi nikaenda kulikagua buti. Chini ya gunia nikakuta mtungi wa plastiki wa lita tano. Nikaufungua. Petroli, karibu nusu.

Lo! Furaha niliyoisikia siku ile naiona aibu kuieleza. Mtu amemkamata mkwe wake akiiba, na anafurahi!

Nikaubeba mtungi mpaka kwenye mikeka, nikautua katikati ya sahani za watu.

“Mama Thoya,” nikasema, “mwulize mwanao hiki ni nini.”

Thoya akasimama.

“Baba, tafadhali. Haya tukayaseme nyumbani.”

“Yasemwe hapa.”

“Hiyo ni petroli ya kuongeza garini. Sikuitoa kwenye gari.”

“Nani katika dunia hii huliongezea petroli gari la mwenziwe kwa siri?” nikawageukia watu. “Mshawahi kumwona mwizi wa namna hiyo, anayerudisha?”

Kuna waliocheka. Mjomba wake mmoja akasema, “Huyo akipatikana, mniletee na mimi.” Wakacheka tena.

Mama yake hakucheka. Alikuwa bado ana bandeji mkononi pale walipomchoma dripu. Aliniangalia tu.

Thoya akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akauweka juu ya mtungi taratibu kama mtu anayeweka yai. “Gari lako hilo, Baba.” Akatoka uani.

Kadzo akanijia karibu mpaka nikasikia pumzi zake. “Leo umenivua nguo kwa wakwe zangu,” akasema. Kisha akamfuata mumewe.

Nilirudi peke yangu naendesha, najisifu. Nikanunua kifuniko cha tangi chenye kufuli, ufunguo nikautia kamba nikauvaa shingoni. Nikawa nalala nao, naoga nao. Gari naendesha mimi, pampu naisimamia mimi, natikisa mimi.

Na petroli ikapungua vilevile!

Kwa kweli ilipungua zaidi. Nikamshuku jirani. Nikamshuku binti wa pampu. Asubuhi moja nikajikuta naitazama ile kamba kwenye kioo, nachunguza kama fundo limefunguliwa nikiwa usingizini. Hapo nilipaswa kuelewa. Wapi! Nikanunua kamba ngumu zaidi.

Siku moja, mara tu baada ya kujaza, nilibeba abiria wanne kwenda Marafa. Hatukufika. Harufu ilikuwa imejaa ndani, mama mmoja mjamzito akaanza kutapika dirishani, na mzee aliyekaa mbele alikuwa ameshatoa sigara.

“Wewe! Rudisha hiyo!” wakampigia kelele. “Tushushe, mzee, utatuchoma kama mahindi!”

Gari likazima lenyewe, halikuwaka tena. Likavutwa kwa kamba mpaka kwa Athmani.

Hakuniambia ‘si nilikwambia’. Laiti angesema! Aliingia chini, akalifungua lile kopo, akaniita, akaliinamisha juu ya karai. Petroli ikamwagika ikiwa nyeusi, na chembe za makaa zikafuata.

Makaa, ndugu yangu. Kwa macho yangu.

“Mwanzo ulikuwa ni ule mpira tu,” akasema, “kazi ya muda wa kumaliza kikombe cha chai. Harufu ilitoka hapo. Halafu ukaanza kushindilia. Petroli iliyozidi ikawa inaingia humu, nyingine inavujia njiani, nyingine injini inaivuta bila kipimo inatoka moshi mweusi. Hakuna aliyekuibia.”

“Na ule mtungi wa Thoya?” nikauliza.

Akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu. “Akipata kitu chake mwenyewe kutoka kwa wageni, alikuwa ananunua petroli anaongeza. Alisema, mzee akiuona mshale uko chini, halali. Nilimwambia akueleze. Akasema hutaamini.”

Hapo nilikaa kwenye lile benchi langu la ulinzi nikalia, mtu mzima.

Sasa sikiliza gharama. Dereva akishaitwa mwizi wa mafuta, tena na baba mkwe wake, nani atampa ufunguo? Habari zilifika Malindi kabla ya jua kuchwa. Thoya alizunguka kwa wenye magari, kila mmoja akamwambia nafasi imejaa. Akaenda kuvunja mawe kwenye timbo, mtu ambaye mikono yake ilizoea usukani.

Nilikwenda kwa wenye magari mmoja mmoja kumsafisha. Unajua walinijibu nini?

“Binti yako amekulilia, siyo?” mmoja akaniambia, anatabasamu. “Tunaelewa, mzee. Damu nzito. Lakini gari langu niachie.”

Wakanishuku mimi! Nilipomchafua waliniamini kwa sentensi moja. Nilipomsafisha wakataka ushahidi.

Nikaenda Vitengeni na wazee wawili, kama ada inavyotaka. Mama Thoya akatukaribisha vizuri, akatupa maji, akanisikiliza mpaka mwisho.

“Mimi nimekusamehe, mkwe,” akasema. “Lakini uliyasema mbele ya watu. Hao nao wakusanye, uwaambie.”

Nimewapata baadhi. Wengine wamehama. Yule mjomba aliyecheka tumemzika, amekwenda kaburini akijua mpwa wake ni mwizi.

Mwisho nikamfuata Thoya timboni. Nilimkuta ana vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Akaja, akaniamkia kwa heshima ileile. Nikampa ufunguo wa gari. Gari limetengenezwa, nikamwambia, kopo jipya, mpira mpya, injekta safi. Ni lako, lichukue.

Hakuupokea.

“Nakushukuru, Baba. Lakini siku harufu itakaporudi, utamtazama nani?”

Nilitaka kumwapia kwamba sitamtazama yeye. Nilifungua mdomo. Sikuweza, kwa sababu najijua. Naye akaona kwamba sikuweza. Akaniaga, akarudi kwenye mawe yake.

Kadzo hupokea simu zangu. Huniuliza hali, hujibu hali, kisha husema yuko jikoni.

Enyi wenye magari, na hasa nyinyi wazee wenzangu mlioajiri watoto wenu na wakwe zenu, nawasihi. Gari likinuka, likigoma, likinywa kuliko jana, usianze kwa kumtazama dereva usoni. Uso wa mtu unayemshuku siku zote utauona una hatia. Lala chini ya gari utazame huko kwanza. Na kama mgongo wako hauwezi tena kulala chini, kama huu wangu, basi mwamini yule anayeweza.