Mtungi Unaopumua

Kanga, kijijini kwetu kisiwani. Ng'ombe wa bibi yangu anaitwa Tausi, na mwaka wa pili huu hajazaa. Dume pekee la karibu ni mwanawe wa kumzaa, na sisi aibu bado tunayo kidogo. Baba mdogo akasema safari hii akikosa mimba, buchani. Bibi akaiacha chai yake nusu. Mama Neema, mtaalamu wa mifugo, alikwisha kumchoma Tausi sindano ya kumleta kwenye joto, atake dume, ila mbegu za dume za kumpandikiza zilikuwa bara. Nikatumwa mimi.

Nyamisati, bandari ya bara, asubuhi. Bwana mmoja wa mifugo akanikabidhi mtungi wa bati.

"Mbegu zimo ndani ya nitrojeni, baridi kuliko barafu yoyote. Usiulaze. Kifuniko usikikaze, hewa ikikosa pa kutokea unapasuka. Na nitrojeni ikiisha, mbegu zimekufa."

"Na dume mwenyewe yuko wapi?"

"Alikufa zamani."

Nikamwombea, nikapanda boti.

Katikati ya bahari. Nilikwenda pembeni kutapika. Kurudi, baharia kaufunika mtungi kwa nailoni, kaukaza kwa mpira wa tyubu shingoni.

"Nimekusitiria mzigo, mdogo wangu. Baharini kitu hakisafiri mdomo wazi."

"Kaka, fungua. Huo unapumua."

"Unapumua? Umebeba nini wewe?"

"Mchumba wa ng'ombe wa bibi."

Watu wakacheka. Mimi navuta, fundo la kibaharia halifunguki ng'o. Baharia akatoa kisu, akakata. Pssss, moshi mweupe. Mama mmoja akahama na kuku wake, midomo ikisoma dua. Tangu hapo nikaubana mtungi kati ya magoti, kila moshi ukitoka na roho yangu inatoka nao. Ukifungwa unapasuka, ukiachwa unaisha.

Kutoka Kilindoni tuliposhuka mpaka Kanga, bodaboda. Kila shimo nikimwambia dereva polepole, akaniuliza kama nimebeba mayai. Nikamwambia nimebeba baba wa watu.

Kanga, jioni. Bibi mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kimefika kizima?"

Nikautua mtungi. Mama Neema akachovya kijiti mtungini, akakitoa. Ncha imeganda nyeupe, nitrojeni imebaki kina cha vidole viwili tu.

"Ipo," akasema. Akatoa mrija mmoja mwembamba wenye mbegu, akauyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, akamwendea Tausi. Baba mdogo kafunga mikono kifuani.

"Baada ya wiki tatu," Mama Neema akatuambia, "akilia tena kutaka dume, hakushika mimba."

Kesho yake nikaurudisha mtungi. Baharia yule yule akaniona.

"Safari hii siugusi," akasema, akanipa nafasi ya kukaa kivulini. Nimejifunza hivi: bahari ina adabu zake za kufunga, ila kinachopumua kiache kipumue, hata kama unaona kinakuponyoka.

Wiki ya tatu ikafika. Nyumba nzima tukawa tunamsikiliza ng'ombe kama taarifa ya habari. Mbuzi wa jirani akilia, baba mdogo anatazama zizini. Alfajiri kimya, adhuhuri kimya, magharibi Tausi anacheua tu.

Bibi akaomba chai. Akaimaliza.