Nilichagua projekta ya Mama kwa ajili ya raha zangu

Admin, naomba unifiche kabisa, maana ndugu zangu wako humu na dada yangu hapitwi na posti hata moja.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minane, nina mke na watoto wawili, nachomelea mageti hapa Katwe, Kampala. Sisi ni Waislamu, na nyumbani tunaongea Kiswahili tangu enzi za babu yetu aliyekuja huku na biashara kutoka pwani. Baba alifariki miezi mitatu iliyopita. Mama yuko eda, hatoki nje mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Tena macho yake yamekuwa dhaifu, mtu akisimama mbele yake anamjua kwa sauti tu.

Kitu pekee alichokitamani ni kumwona Baba. Tuna video ya harusi ya dada yangu, na humo Baba anacheka, anawagawia watu halua kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye televisheni yetu ndogo Mama alikuwa anasogeza uso mpaka pua inagusa kioo, na bado hakumpata. Ndipo dada akapata wazo la projekta. Akasema, "Tukimweka Baba ukutani awe mkubwa kama mlango, Mama atamwona." Tukachanga sisi watoto, na kazi ya kuchagua nikapewa mimi, eti mimi ndiye fundi wa ukoo. Dada akanisisitizia iwe ya mwanga mkali, kwa sababu wanawake wanakuja kukaa na Mama mchana na sebule yetu ina madirisha makubwa.

Muuzaji kule mjini, Mungu amlipe, hakunidanganya. Alinitolea mbili, bei zake karibu sawa. Moja kubwa, nzito, imeshatumika, ya kuchomeka kwenye umeme. "Hii ilikuwa ya ofisi, ssebo, bwana wangu. Haiko na sura, lakini mwanga yake ni ya kweli." Nyingine mpya, ndogo, nyeupe, ina betri na spika ndani, inaingia kwenye begi. Hiyo alinionya. "Usiangalie namba ya mwanga kwenye boksi, ile wanaandika tu. Hii ni ya gizani. Mchana utaangalia ukuta." Akaiwasha nyuma ya pazia zito, picha ikatoka safi.

Sasa niseme nilichoficha. Kule mtaa wa Kalerwe nina wenzangu tunaotazama mpira pamoja kila Jumamosi, na siku zote tunabanana kwenye simu ya mtu. Nilipoona ile ndogo inaingia kwenye begi, akili yangu ilikwenda kwa wenzangu moja kwa moja. Nikajiambia, si tutafunga mapazia tu. Nikainunua. Dada nikamwambia muuzaji mwenyewe ndiye aliyeisifu.

Siku ya kwanza nilifunga mapazia yetu mepesi, nikaiwasha, picha ikatoka hafifu, nikamuuliza Mama kama anamwona Baba. Akasema, "Namwona. Ahsante mwanangu, umenipoza roho." Dada alilia. Shangazi zangu walinishika kichwa wakaniombea dua, na mimi nikazipokea dua zote bila haya. Kuanzia hapo kila Jumamosi naibeba, namwambia Mama naipeleka kwa fundi akaisafishe kioo.

Wiki iliyopita nilipita nyumbani mchana. Sebule imejaa wageni, madirisha yote wazi kwa sababu ya joto. Sauti ya video huwa tunaizima, kwa kuwa harusi ina ngoma na nyumba ina msiba. Mama amekaa kwenye mkeka ameelekea ukutani, anawasimulia wenzake. "Hapo anachukua sinia. Hapo anamlazimisha shemeji yake aongeze. Mnaona anavyocheka?" Wale wanawake wakaitikia polepole, "Tunaona, Mama." Nikatazama ukuta, hakuna kitu. Projekta ilikuwa imeisha chaji, hata taa yake ndogo haiwaki.

Wageni walipoondoka nikaketi karibu naye. Nikamuuliza, "Mama, tangu lini humwoni Baba ukutani?"

"Tangu siku ile uliyoileta."

Nikamwambia yote. Ile kubwa niliyoiacha, uongo niliomwambia dada, wenzangu wa Kalerwe. Nilitaka anigombeze, wallahi ningepumua. Akanishika mkono. "Nilijua. Kila ukiirudisha inanuka nyama choma. We ichukue ukatazame mpira wako. Baba yenu mimi nimeshamkariri. Ila dada yako usimwambie. Anafurahi sana akijua namwona."

Juzi nilirudi dukani, ile kubwa imeshauzwa. Nitatafuta nyingine kama ile hata kwa kukopa, hilo nimeshaamua. Kinachoninyima usingizi ni kingine. Dada huja kila Ijumaa, na kabla hajavua hata viatu anauliza, "Mama, leo Baba umemwona?" Mama anajibu, "Nimemwona, anacheka." Na mimi niko pale pale, nimeinamisha kichwa kama sisikii. Mama yangu ni mtu wa swala tano, sijawahi kumsikia akisema uongo maishani mwake, leo anausema ndani ya eda ya mume wake ili mimi nisiaibike.

Nikimwambia dada, nitakuwa nimemkaidi Mama na kumvunja moyo dada. Nikinyamaza, Ijumaa hii Mama ataulizwa tena, na atanisemea uongo tena. Nitukaneni, najua nimestahili, lakini mkimaliza kunitukana nishaurini. Nifanye nini kabla ya Ijumaa?