Chupa Mbili kutoka Ubelgiji

Mtoa dawa wa zahanati yetu huko Kaisho hasomi chupa yoyote kabla ya kufuta miwani kwa pindo la koti lake jeupe, hata foleni ifike barabarani. Mwaka tisini na mbili nilimpelekea mama yangu, mgonjwa wa moyo, pamoja na chupa mbili za koenzaimu, kirutubisho cha kuupa moyo nguvu, alizotumiwa na dada yangu aliyeko Ubelgiji. Tulitaka atuchagulie iliyo bora. Alizigeuza polepole, kidole kikifuata maandishi, midomo ikinong'ona kama anayesali rozari. Ya kwanza aliiweka kando, ilikwishapita muda wake.

"Hii nyingine unaweza kunywa, mama, baada ya chakula. Ni ya kusaidia tu. Na vidonge vyetu vya moyo je?"

"Nimevipumzisha tangu jana, dokta. Dawa zisije zikagombana tumboni."

Mkono ule usio na haraka ukamdaka mama kifundo cha mkono. Alihesabu mapigo, macho kwenye saa ya ukutani. Mwishowe akashusha pumzi, akatabasamu.

"Moyo uko sawa."

Mama akafungua fundo la kanga, vidonge vilikuwamo. Yule bwana akamwaga chai yake dirishani, akajaza maji kikombe kilekile, akamsimamia mpaka akameza. Kisha akaanza kufuta miwani.