Maua Niliyowatangazia Mbuzi

Aprili ya 2013 mvua ilinyesha Lodwar siku tatu mfululizo, na naapa ilikuwa mvua ya Nuhu, ila safina haikupata pa kuegesha. Wiki tatu baada ya kukatika, Jumanne, niliendesha pikapu ya kazini kupeleka magunia ya maharagwe Kakuma. Njiani nikafunga breki ghafla. Mbigili, ile miiba inayotoboa ndala zetu mwaka mzima, ilikuwa imechanua. Manjano matupu, kutoka ukingo wa lami hadi vilimani!

Nilifurahi kuliko mwenye shamba. Mke wangu, mwalimu aliyenifuata kutoka Kitale mwaka uliotangulia, alikuwa ameandika barua ya kuomba uhamisho, na Jumatatu ndiyo angeipeleka ofisini. Mimi kazi yangu ilikuwa Lodwar. Nilikuwa nimemsihi kwa hoja zote nilizofundishwa shule ya usiku na nyingine ambazo hazimo kwenye mtaala. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Baba watoto, nchi isiyo na hata ua moja mimi siiwezi."

Sasa nilikuwa na jibu. Nilipofika Kakuma, katika hoteli ya chai ya Mkongo mmoja, mdomo ukakataa kufungika. Nilisema maua yamevuka mpaka yakaingia Uganda. Mfugaji mmoja Mturkana, mzee aliyekalia kigoda chake mlangoni, akanigeukia.

"Hiyo maua, mbuzi inakula?"

"Mzee, mbuzi elfu kumi wale mwezi mzima, washindwe!"

Aliinuka, akaacha chai nusu kikombe. Nilidhani amechoka kunisikiliza, huwa inatokea.

Jumamosi tukaondoka Lodwar kwenda kuyaona maua, mimi na mama watoto, na chapati na chupa ya chai katikati yetu. Aliuliza maswali njia nzima. Yananukia? Yanafumba jua likizama? Mbegu zilikuwa wapi miaka yote ya ukame? Niliyajibu yote, na sikuwa na uhakika wa hata moja.

Tulipofika pale, manjano hayakuwapo. Walikuwapo mbuzi. Sitii chumvi, au natia kidogo tu: walianzia kwenye magurudumu yetu wakaishia mbinguni. Kati yao akatokea yule mzee, fimbo mabegani.

"Ejok!" akanisalimu Kiturkana.

"Ejok," nikaitikia kwa sauti ya mfiwa.

"Wewe ndiyo mtu ya maua! Mimi nimeambia ndugu yangu, yeye ameambia mashemeji yake yote. Wengine ilisema huyu ni mwongo. Nikasema hapana. Ona, mbuzi imeshiba mpaka imelala."

Maishani mwangu hakuna aliyewahi kuniamini kiasi hicho. Mke wangu akanigeukia polepole.

"Uliwaambia?"

"Nilitaja tu."

"Ulitaja vipi?"

"Alisema elfu kumi!" mzee akanijibia kwa furaha.

Nikaona barua ikienda ofisini kwa miguu yake yenyewe. Mzee hakutuacha tuondoke kabla ya kunywa maziwa. Aliyeleta habari ya malisho, alisema, harudi na koo kavu. Mama watoto alipoinua kibuyu, macho yake yakaenda mbali, juu ya migongo ya mbuzi. Akakishusha.

"Na kile cha waridi ni nini?"

Kwenye mawe ulisimama mti mfupi, shina limevimba kama chungu, hauna jani, umejaa maua mekundu ya kupauka. Mbuzi waliupita kando kama deni. Tukaukaribia.

"Hiyo ni sumu," mzee alisema. "Mbuzi inajua."

"Unachanua mvua ikinyesha tu?"

"Hapana, mama. Wakati jua imeua kila kitu, hiyo ndiyo inatoa maua mingi."

Mke wangu aliuzunguka mti mara tatu. Aliinama, akanusa bila kugusa, akauliza maji unayaficha wapi, nani aliyeupanda, una umri gani. Mzee alisema ulikuwa pale babu yake akiwa mtoto, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuongeza chochote.

Tuliporudi garini mke wangu alimega chapati ya pili.

"Barua ingoje," akasema. "Nataka kuuona Januari, jua likiwa limeua kila kitu."

Nikafungua mdomo.

"Na mti huu," akaniwahi, "hata kama mbuzi hawali, usimwambie mtu."