Neno la Baba Mbele ya Kamati ya Nyumba

Nilipata nyumba ya serikali kwa sababu baba yangu alisimama mbele ya watu watano akasema kwamba kwake sina nafasi. Nalitaja mapema ili nisije nikalizunguka. Watu wakiomba niwasimulie habari za kutafuta nyumba wanataka vituko vya wenye nyumba. Vituko vilikuwepo, nitavitaja, lakini habari yenyewe ni hiyo.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya matengenezo ya barabara pale Karatu. Barabara yetu kubwa ilikuwa ile ya kupanda Ngorongoro, ambayo kila masika ilibomoka na kila kiangazi tuliiandikia ripoti. Ilikuwa miaka ya foleni za sukari. Saruji ilitolewa kwa kibali, kwa hiyo hakuna aliyemaliza kujenga, na vyumba vya kupanga vilikuwa vichache kuliko watu. Mimi sikuvihitaji. Kwetu kulikuwa juu, panapoanzia msitu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na nilikwenda na kurudi kila siku, viatu mkononi wakati wa matope.

Kisha nikapata mimba. Baba wa mtoto alikuwa dereva mwenye mke wake Moshi, na hana sehemu nyingine katika habari hii.

Kwetu sisi Wairaqw, binti ambaye hajaolewa hazai wala halei kichanga chini ya paa la baba yake. Akifanya hivyo ameichafua nyumba, na uchafu huo unawafikia ng'ombe na shamba, na majirani wanaacha kupeana moto na maji na watu wa nyumba hiyo. Zamani msichana wa namna hiyo alifukuzwa aende mbali. Enzi zangu hakuna aliyefukuzwa. Baba alikuwa mzee wa kanisa, Jumapili alipitisha kikapu cha sadaka, na kama ungemuuliza angekwambia mambo hayo ni ya kale. Lakini ng'ombe wetu wawili nao walikuwa na mimba mwaka ule, na kila jioni aliwatazama wao kwanza, halafu ananitazama mimi, halafu anaingia ndani.

Mama ndiye aliyesema. Alikuwa anapepeta mahindi na hakuinua uso.

"Utafute chumba, mwanangu. Kabla ya mwezi wa sita."

Kuzaa ningeweza kuzaa zahanati. Lakini zahanati wanakuruhusu siku ya pili, na unatoka na mtoto mgongoni unakwenda wapi? Nilipaswa kuogopa. Ninachokumbuka ni kwamba niliendelea kuchapa barua za kuomba vipuri vya greda, na sikukosea herufi. Kuna kitu ndani yangu kilikuwa kimezimika, na sikushughulika kukiwasha.

Nilitafuta wakati wa mapumziko ya mchana. Mwanamke mmoja mfanyabiashara, mtu wa Kondoa, alikuwa na nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana. Alinikaribisha kwenye mkeka, akanipa chai ya tangawizi, akanitazama tumbo.

"Chumba kipo, binti yangu. Lakini madereva wa watalii wananilipa mara mbili ya hicho unachosema, na wanalala siku mbili kwa wiki. Wewe utalala kila siku, na huyo naye atalia kila siku. Nisamehe."

Nilimsamehe, alikuwa na haki yake. Chumba cha pili kilikuwa kimepakana na mashine ya kusaga, ukuta wote unatetemeka kutoka asubuhi hadi jioni, na mwenye nyumba hakutaka kujua jina langu kabla ya kujua mume wangu yuko wapi. Cha tatu kilikuwa rahisi kabisa. Mwenyewe alinifungulia mlango kwa adabu, akanionyesha kitanda kitakapokaa na meza itakapokaa. Niliinua macho nikaona mawingu.

"Bati zinakuja," alisema.

Zilibaki kota. Ofisi yetu ilikuwa na nyumba kumi na moja nyuma ya karakana, na kodi yake ilikuwa kitu kidogo kinachokatwa kwenye mshahara bila wewe kukihisi. Moja ilikuwa imebaki wazi baada ya fundi mmoja kuhamishwa. Lakini kulikuwa na kanuni kwamba mtumishi ambaye wazazi wake wanakaa mwendo wa miguu kutoka ofisini hapewi. Niliijua vizuri, maana niliichapa mimi.

Mwenyekiti wa kamati ya nyumba alikuwa mtu wa Tabora, mpole, wa kusema na watu taratibu. Alinionyesha dirishani kwa kalamu.

"Dada, kwenu si pale juu? Tunapaona kutoka hapa. Nitawaambia nini wenzako wenye watoto wanne?" Akafikiri kidogo. "Labda mzee wako mwenyewe aje aseme mbele ya kamati kwamba huna mahali. Hapo nitakuwa na kitu cha kuandika."

Alisema hivyo kama mtu anayekuomba picha mbili za pasipoti. Hakujua, na asingejua. Kwetu neno la mzazi juu ya mtoto wake, akilisema amesimama na watu wanasikia, si maelezo. Likishatoka limekuwa, na wewe ndivyo ulivyo tangu siku hiyo. Huondolewa na yule yule aliyelisema, kwa kondoo, kwa maji ya kunyunyiza na wazee wawili wa kushuhudia. Ningeweza kumweleza mwenyekiti. Ningeweza kumwomba apokee barua tu, au aandike kwamba kwetu nyumba imejaa. Badala yake nilisema, "Nitamwambia."

Baba alikuja Alhamisi, amevaa koti lake la kanisani. Wajumbe watano walikuwa wamekaa, na mimi nilikuwa pembeni na daftari, kwa sababu mwandishi wa mikutano nilikuwa mimi na hakuna aliyefikiri kuniondoa.

"Karibu Mzee. Kiti hicho hapo."

Baba hakukaa. Neno la namna ile halisemwi mtu akiwa amekaa.

"Huyu ni binti yako?"

"Ni wangu."

"Sasa Mzee, anapo mahali pa kuishi kwako?"

Baba alilisema kwanza kwa Kiiraqw, polepole, kwa ukamilifu wake, kama linavyotakiwa. Katika wale watano aliyemwelewa ni mtunza stoo peke yake, mtu wa Mbulu, na niliona ameinamisha kichwa. Kisha Baba akasema kwa Kiswahili:

"Huyu, kwangu hana nafasi. Leo hana, kesho hana."

"Ahsante sana Mzee. Inatosha."

Nikaandika. Mchana nikachapa nakala tatu kwa kaboni: mzazi wa mwombaji amefika na kuthibitisha kuwa mwombaji hana nafasi kwake. Nilisikia njaa, nakumbuka hilo. Nilikula maandazi mawili nikiwa nasubiri sahihi.

Nyumba ilikuwa sebule na chumba kimoja, jiko la nje, na bomba tulilochangia nyumba tatu. Binti yangu alikuja mwishoni mwa mwezi wa sita, kwenye baridi na ukungu, nikamleta pale. Mama alishuka na unga wa uji na samli, akakaa wiki mbili, akaniogesha na kunikanda kama mzazi yeyote. Baba alikuwa anapita siku za mnada. Alisimama ng'ambo ya barabara, akamuuliza mtu yeyote anayetoka kota kama mtoto hajambo, akaenda zake.

Mtoto alipoanza kutembea, asubuhi moja nilimkuta Baba getini. Alikuwa na kondoo kwenye kamba.

"Nimeongea na wazee," alisema. "Wako tayari. Twende tukaliondoe lile neno."

Nilikuwa nimeshika ufunguo, natoka kwenda kazini. Nilimwona mtunza stoo akifungua milango ya karakana, nikafikiri, huyu anajua lugha, neno likiondolewa Jumamosi atajua Jumapili. Kila mwaka kamati ilipitia upya nani anastahili na nani hastahili. Kulikuwa na dereva mwenye mke mgonjwa aliyekuwa akiniuliza kila mwezi kama nahama. Nilipiga hesabu hiyo yote haraka, na nilijiona mwerevu.

"Baba, tusubiri kidogo. Wataninyang'anya nyumba."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nijenge."

"Haya," alisema. Akamgeuza kondoo. Yule kondoo hakutaka kupanda kilima, ikawa anamvuta, anasimama, anamvuta. Mimi nikaenda ofisini na sikuchelewa.

Ikapita miaka mitano. Saruji haikupatikana, sikujenga. Mwenyekiti akapata uhamisho, na siku aliponiamuru nichape makabidhiano yake, nilimuuliza ni wangapi walitolewa kota kwa ile kanuni ya wazazi wa karibu. Sijui kwa nini nilimuuliza siku hiyo.

Alicheka kwa wema. "Dada, bado unaikumbuka? Ile habari ya mzee wako nilitaka kitu cha kuweka kwenye faili tu. Nani angekutoa wewe na mtoto?"

Nikasema ahsante, nikaendelea kuchapa. Nilisema nitapanda Jumamosi nikamwambie Baba alete kondoo wake. Jumamosi ilinyesha. Jumamosi iliyofuata mtoto alikuwa na surua. Sikuwa na haraka, kwa kuwa nilikuwa nimezoea, na mtu akishazoea haumwi. Wiki ya tatu walikuja kunieleza kwamba Baba alikohoa siku mbili na kufa.

Tulimzika kwa nyimbo za kanisa. Baada ya mazishi na watu kula, zikaja zile taratibu nyingine ambazo mchungaji huondoka kabla hazijaanza. Kwetu mkubwa wa nyumba akifa, watu wa nyumba yake hutengwa kwa siku kadhaa. Wanakaa ndani, hawachoti maji na wenzao, hawapeani mikono na mtu, mpaka kifo kitoke kwao. Baba mdogo alisimama mlangoni akawataja mmoja mmoja wanaoingia ndani: mama, kaka zangu wawili, mke wa kaka, dada yangu aliyekuwa ameachika na kurudi. Nilikuwa nimeshavua viatu.

Aliponifikia hakunitaja. Hakuwa mtu mbaya. Aliniita pembeni, akanishika bega.

"Wewe mwanangu, rudi tu mjini. Neno aliliacha, na sisi hatuwezi kumwondolea. Usichelewe kazini."

Mama alinitazama kutoka ndani, kisha wakafunga mlango.

Nikavaa viatu, nikamshika binti yangu mkono, tukaanza kushuka. Chini ya shamba letu tulikutana na jirani, mama mmoja tuliyechota naye maji tangu utotoni mwangu. Angenipita mbali kama ningekuwa mfiwa wa nyumba ile, ndiyo heshima yenyewe. Alikuja moja kwa moja, akanyoosha mkono wake, akaushika wangu barabara, akaniuliza habari za mjini. Nikamjibu nzuri. Hapo ndipo nilipolia kilio cha miaka yote ile, njiani, mtoto akiniangalia.